Wingu la Upande wa Kongo

Ludara, Septemba 9, Jumatatu

Mvua. Naanza daftari jipya kwa sababu la zamani lililiwa na mchwa hadi karibu na Pasaka, na sioni haja ya kuwapikia tena. Naandika Kiswahili, lugha niliyoiokota kambini kwa baba askari, kwa kuwa Kiden anasoma Kikakwa na Kiingereza, na Kiden ana tabia ya kupanga vitu vya watu.

Kiden ni mke wa shemeji yangu Lado. Mke wa kwanza alikuwa dada yangu Eyotaru, aliyefariki zamani, kabla watoto wa Kiden hawajafikiriwa. Mwaka huu magoti yangu yaligoma kupanda ngazi za nyumba niliyopanga Ediofe, na Lado akatuma neno: "Kuja Ludara na cherehani yako. Dada yako aliacha nafasi." Nafasi yenyewe ina Kiden ndani yake, amekaa vizuri. Mimi nimepewa nyumba ndogo ya nyuma. Paa halivuji sana.

Septemba 11

Mchana lilitokea wingu jeusi juu ya Kongo. Mwanamke aliyeliona kwanza akapiga ukelele, nasi wote tukakimbilia mwamba tunapoanika mihogo, tukaianue. Mvua ilitukuta njiani, vikapu kichwani. Mwezi huu wingu la upande wa Kongo halina utani.

Septemba 14

Wingu. Mvua.

Septemba 15, Jumapili

Lado amelala kanisani. Alianza kwenye somo la kwanza na kuamka kwenye sadaka, kama kawaida yake. Enzi za Eyotaru alikuwa akichomwa kiwiko, anaamka na kusema "Amina" kwa sauti kubwa hata kama padri alikuwa anatangaza mbuzi aliyepotea. Nilicheka peke yangu kwenye benchi. Kiden akanitazama kama mtu anayehesabu makosa.

Septemba 19

Wingu, mvua. Lado ana homa na hataki kula. Kiden anasema ni malaria. Mimi nimesoma vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa zote zilizowahi kuuzwa Arua, na kwa mujibu wa vikaratasi hivyo Lado anaweza kuwa na chochote, pamoja na mimba.

Septemba 23, Jumatatu

Kituo cha afya. Yule kliniko ofisa, Scovia, msichana wa Dranya mwenye mikono myepesi, alipima malaria: hakuna. Kwa kuwa huku kwetu kuna mito na mbung'o, akasema apime na malale. Tone la damu kwenye kijibao cha plastiki. Tukakaa. Nje foleni ilifika barabarani.

Mistari ikatokea.

Scovia alikunja uso, akasema, "Mzee, hii si jibu la mwisho. Utaenda Arua waangalie kwa hadubini." Kisha mtoto mmoja akaanza kutetemeka kwa degedege mlangoni, naye akakimbia kwake. Sisi tukabaki na kijibao.

Lado alikitazama muda mrefu. "Malale," alisema. Akasimama, akavaa kofia, akatoka.

Tulipopita kijito, vile vitambaa vya buluu vinavyosimikwa kuua mbung'o vilikuwa vinapepea juu ya maji. Kitambaa kizuri, mshono mbaya. Kuna mtoto hapa kijijini ana kaptula ya rangi ileile, wala sijauliza.

Septemba 24

Homa ya Lado imeisha yenyewe. Hakuna aliyefurahi.

Septemba 26

Mvua kutwa. Lado hataki kusikia neno Arua. Nimeamua kuandika kwa nini, kwa kuwa Kiden anajua habari tu, mimi nilikuwepo.

Ilikuwa mwaka wa themanini na saba. Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini, tukakuta nyasi zimeingia nyumbani na mbung'o wameshika mto. Eyotaru alikuwa mke mpya wa Lado. Nilikuja kutoka Ediofe kumsaidia kupalilia, nikamkuta anasinzia juu ya jiwe la kusagia, unga mashavuni. Dada yangu, ambaye alikuwa akituamsha sote kwa kuimba! Siku nyingine analia bila sababu, halafu anauliza nani amemliza.

Timu ya malale ilikuja na turubai na meza. Watu walipanga mstari mrefu hadi kwenye mitiki. Mtu mwenye koti jeupe alikuwa anapapasa shingo, nyuma hapa, akitafuta uvimbe. Eyotaru alicheka: "Shemeji, vidole vyako vinatekenya!" Mstari wote ukacheka naye. Ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo, nami kama ningejua ningesikiliza vizuri zaidi. Kisha damu, kisha sindano ya mgongo. Miaka ile karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake. Ukiitwa kando ya turubai, umeitwa. Sikumbuki mtu aliyeitwa kando akarudi akasema walikosea.

Wodini Arua dawa yenyewe ilikuwa inakuja katika bomba la kioo, kwa kuwa ya plastiki ingeyeyuka. Walisema inachoma mshipa kama pilipili. Lado alikuwa amemshika mkono ule mwingine, wa kulia. Hakufa kwa malale, Eyotaru. Alikufa kwa dawa ya malale, na daktari aliyempa alikaa chini sakafuni mbele yetu akalia, kwa sababu hakuwa na nyingine.

Ndiyo maana Lado ameona mistari na kuvaa kofia.

Septemba 30

Wingu. Mvua. Mihogo yangu imeota ukungu wa kijani, rangi ya sare ya shule ya misheni.

Oktoba 4, Ijumaa

Kiden ameficha kiti.

Nieleze. Lado ana kiti cha kamba alichomtengenezea Eyotaru kabla ya harusi, miguu ya mvule, na hicho ndicho anachosinzilia kila siku baada ya chakula, tangu nimjue. Wazee wa huku walikuwa na imani yao enzi zile: anayeshinda macho mchana malale haimkamati, na ikishamkamata, ukimzuia kulala inachoka na kumwacha. Kiden ameikumbuka. Kiti kimeingia ghalani. Lado akifumba macho, Kiden anagonga sufuria kwa mwiko karibu na sikio lake.

"We Kiden! Unataka kuniua?"

"Nataka wewe iko hai. Fungua macho."

Nilimwona ni katili, nikaandika hivyo, nikakata. Kisha alasiri Lado aliinamisha kichwa, nami bila kufikiri nikamtuma kisimani aniletee maji ambayo sikuyahitaji. Kwa hiyo tuko wawili.

Oktoba 7

Lado amecheka peke yake akimenya karanga. Tulitazamana, Kiden na mimi.

Oktoba 8

Amesahau jina la mbuzi.

Oktoba 10, Alhamisi

Scovia alikuja mwenyewe kwa pikipiki, matope hadi magotini. Alikuwa anangoja Lado aende Arua, Lado haendi. Tukamkaribisha, Kiden akaleta chai. Niandike mazungumzo yalivyokuwa.

"Daktari," alisema Lado, "mistari iko ama haiko?"

"Iko, mzee."

"Basi mimi iko mgonjwa."

"Hapana. Mistari iko. Ugonjwa bado hatujui."

Lado akanigeukia. "Shemeji, umesikia? Alipima, halafu hajui."

Scovia hakukasirika. "Mzee, kile kipimo ni kizuri lakini kina woga. Mtu mgonjwa kitamkamata, karibu kila mara. Ila katika watu mia wasio na ugonjwa, wawili hivi kitawasingizia. Sasa chukua watu elfu wa soko la Ludara. Wazima wangapi watasingiziwa?"

"Kama ishirini," nilisema mimi, kwa kuwa fundi cherehani hajui kunyamaza pakiwa na hesabu.

"Ishirini. Na wagonjwa wa kweli katika hao elfu siku hizi? Mimi nimefanya kazi hapa miaka, sijamwona hata mmoja. Tuseme yuko mmoja. Basi mistari itatokea kwa watu ishirini na mmoja, na ishirini hawana kitu."

"Na wakati wa mke wangu?"

Scovia alinitazama, nikaitikia kwa kichwa kwamba aendelee.

"Wakati ule, huyu mama ameniambia, kila nyumba ilikuwa na mtu. Tuseme mia mbili katika elfu. Wazima wakawa mia nane, wanaosingiziwa kumi na sita. Ukimwona mtu ana mistari wakati ule, karibu hakika ni mmoja wa wale mia mbili. Kipimo kinaweza kuwa kilekile, mzee. Kilichobadilika ni ugonjwa kuondoka."

Kuku walipita. Nilidhani tumeshinda.

"Mimi si watu elfu," alisema Lado. "Mimi ni mutu moja."

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maana sikuambii urudi kulala. Huenda wewe ndiye yule mmoja. Nenda Arua. Kule wanazungusha damu kwa mashine na kumtafuta mdudu mwenyewe. Akiwepo, siku hizi ni vidonge. Unameza na chakula, hapahapa."

"Hata Eyotaru waliambia dawa itaponya."

Scovia alimaliza chai. Kwenye pikipiki aliniambia kwa sauti ndogo, "Mama, kama ndiye yule mmoja, vidonge vinafanya kazi vizuri zaidi mapema. Msimwache apite mwaka mpya."

Oktoba 13, Jumapili

Lado hakulala kanisani. Kiden alikuwa na sindano yangu ya kushonea mkononi. Alisikiliza mahubiri yote na alionekana mgonjwa sana.

Oktoba 19

Wingu. Mvua, lakini fupi.

Oktoba 28

Anakonda. Macho mekundu. Majirani wanakuja kumsalimia kwa sauti ile ya kusalimia wagonjwa, wakifika wanamtazama shingo. Amewaonyesha wanawe kwa simu mahali mipaka ya shamba inapopita. Kwa simu! "Pale kwa jiwe. Hapana, jiwe lile lingine."

Novemba 5, Jumanne

Leo Lado amelala akiwa amesimama, kwenye shamba la maharage, mikono juu ya mpini wa jembe. Akaanguka mbele kama ua wa miti uliooza. Kiden alikimbia akipiga kelele, "Umeona? Umeona, mama Ediofe? Malale hiyo!"

Tulimwinua. Nilimfuta udongo usoni na ndipo nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu mwezi mzima. Mtu huyu hajalala mchana tangu mwanzo wa Oktoba, na usiku anakaa macho kwa hofu. Hata jogoo, ukimgongea sufuria wiki tano, atasahau alfajiri. Alivyolala kanisani zamani tuliita Lado. Alivyocheka bila sababu siku ya harusi yake, Eyotaru aliita ndoa. Mbuzi hajawahi kumjua kwa jina. Sasa mistari miwili ya plastiki imepita juu ya maisha yake yote kama chaki ya fundi, na kila tulichokijua tumekikata upya kufuata alama.

Nikamwambia Kiden ukweli huo, kwa ukali.

Novemba 6

Kiden alikuja nikishona, akakaa juu ya gunia la vitambaa. Alikunja na kukunjua kipande cha kitenge.

"Wewe unafikiri mimi napenda kugonga sufuria."

Nikasema sijui anapenda nini.

"Nilipokuja kwa nyumba hii, kiti cha dada yako kilikuwa pale. Sikukitoa. Miaka yote hiyo mimi nafagia chini yake. Wewe ulipoteza dada, ukarudi Ediofe kwa watu yako. Mimi niko na huyu moja tu. Akisinzia mimi naona ile wodi, na mimi sikufika hata hiyo wodi."

Nilisimamisha gurudumu la cherehani. Miaka mingapi nimekuja nyumba hii kwa Krismasi, nikala chakula cha mwanamke huyu, na kumwona kama mtu aliyekalia nafasi? Kumbe amekuwa akifagia kuizunguka.

Nikamwambia arudishe kiti. Akasema atarudisha hadubini ikisema. Ni mgumu. Eyotaru angempenda, wangegombana kila siku.

Novemba 15

Manyunyu tu. Nyasi zimeanza kuwa njano upande wa barabara.

Novemba 24

Wingu juu ya Kongo. Tulikimbia, tukaanua. Halikunyesha.

Novemba 28

Wingu. Nusu ya wanawake walikimbia. Halikunyesha. Waliokimbia walichekwa.

Desemba 3, Jumanne

Leo ndiyo siku ya kuandika.

Nilikuwa mwambani nikigeuza mihogo. Vumbi, upepo mkavu, majani ya mtiki yanadondoka kwa kelele kama sahani. Lado alikuwa amekaa pembeni, amekatazwa kufumba macho. Likatokea wingu juu ya Kongo, jeusi, zito, baya kama yale ya Septemba.

Lado akaruka. Akaanza kukusanya mihogo yangu kwenye kikapu kwa mikono miwili. Wanawake wa mwambani waliinua macho, wakatazama wingu, wakaendelea kupiga soga. Viktoria, mjane wa jirani mwenye ulimi, akaita: "Mzee Lado! Unakimbia nini? Hii mwezi ya kumi na mbili!"

Walicheka. Lado alisimama, kikapu nusu.

"Shemeji. Septemba hawa walikimbia."

"Walikimbia."

"Wingu iko namna moja."

"Namna moja kabisa."

Akalitazama. Nami nikajinyamazia, jambo ambalo huniuma kama jino. Nilitamani kusema: ndiyo hayo ya Scovia, shemeji, ndiyo hayohayo. Lakini mtu akiwa anavuka mto kwenye mawe, humsukumi mgongoni.

"Mwaka ule wa Eyotaru," alisema polepole, "ilikuwa Septemba."

"Ilikuwa Septemba, shemeji. Kila nyumba."

"Na hii sasa ni kiangazi."

"Ndiyo."

Akafikiri tena. "Lakini iko mwaka moja Desemba ilinyesha. Mihogo ya Viktoria ilioza yote, akalia wiki."

"Ilioza. Kwa hiyo mtu hakimbii, ila hafumbi macho pia. Anatazama mara ya pili."

Wingu lilikaa, likachoka, likasogea upande wa Sudan bila tone. Lado akaanza kurudisha mihogo juu ya mwamba, kipande kimoja kimoja, akivipanga vizuri kuliko nilivyovipanga mimi. Alipomaliza alisema bila kunitazama:

"Yule msichana wa Dranya. Namba yake ya simu uko nayo?"

Arua, Desemba 9, Jumatatu

Tumekuja watatu. Kiden amebeba chungu, mkeka, blanketi na kuku hai, kama watu walivyokuja wodini zamani. Mlinzi aliuliza kuku ana dalili gani.

Walichukua damu. Mgongo hawakuugusa. Tulisubiri kwenye benchi. Lado alishika mkono wa Kiden, ule wa upande wa kulia, na najua kwa nini ule.

Fundi wa maabara, kijana mpole jina lake Simon, alizungusha damu kwenye mashine yake, akainama kwenye hadubini muda mrefu. Akahamisha kioo, akainama tena. Nimesubiri mengi maishani. Nilisubiri matokeo ya mtihani, mume, na vita viishe. Hakuna kusubiri kulikokuwa kurefu hivi.

"Mzee, njoo uone," alisema.

Lado aliinama, kofia mkononi. "Naona kama mtama imemwagika."

"Hiyo ni damu yako. Ninachotafuta ni kitu kinachoogelea katikati ya huo mtama, kinausukumasukuma. Nimetafuta kote. Hakuna."

Lado hakuinua kichwa. Aliendelea kutazama damu yake, jicho moja limefumbwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Yeye waliona. Kwa yeye kilikuwa kinaogelea kweli."

"Nani, mzee?"

"Dada ya huyu."

Simon alinitazama, akaondoa mikono yake kwenye meza, akamwacha atazame anavyotaka.

Mwishoni alituambia ukweli wake wote: hadubini nayo inaweza kumkosa mdudu akiwa mchache, kwa hiyo damu nyingine ameikausha kwenye karatasi ipelekwe kupimwa zaidi, na Lado arudi mvua zikianza. "Ila vitu viwili sasa vinasema huna: miaka hii, na hii damu. Ukiona unalala bila kutaka, rudi haraka."

"Mimi nalala nikitaka," alisema Lado.

"Basi lala, mzee."

Ediofe, Desemba 10

Tumelala kwa rafiki yangu Paska. Asubuhi Lado alitaka kupita kanisa kuu, walipofungia ndoa na Eyotaru. Tuliingia sote. Hakuna misa, baridi ya matofali tu na mwanamke anayepiga deki. Nilimwona Eyotaru pale mbele, ameshonewa na mama gauni lililombana kwapani, anacheka bila sababu, na Lado kando yake anacheka naye. Harufu ilikuwa ileile, nta na vumbi la mvua ya zamani.

Lado alikaa benchi la nyuma. Punde nikasikia anakoroma.

Kiden alinyanyua kiwiko. Akakishusha. Akavua kitenge cha begani, akamfunika magoti. Tukakaa, sisi wawili, mmoja kila upande wake. Mwenye deki alipiga deki kutuzunguka.

Ludara, Desemba 14

Kiti kimerudi. Kiden amekaza kamba zilizolegea na kukipaka mafuta.

Desemba 16

Scovia alipita, ameletewa habari na Simon. Kiden amempa kuku. Yuleyule, amerudi salama kutoka Arua.

Desemba 18, Jumatano

Wingu juu ya Kongo. Nimelitazama mara mbili, nikaendelea kushona.

Lado amelala kwenye kiti cha Eyotaru, mdomo wazi. Kiden alipita karibu na sikio lake ameshika ile sufuria. Niliinua kichwa.

Ilikuwa na maharage.